Gari Inayosimama Nyuma Kwanza

Bujumbura, internati ya shule, siku ya Mungu, 6 Oktoba 2024

Yaya Josée, dada yangu mukubwa,

Naandika haraka kabla kengele ya étude, ile saa ya kujisomea, haijalia. Nimeingia garaji ya Mzee Gaspard!

Unajua vile niko. Tangu nije kusoma huku, kila siku ya Mungu nikitoka misa napita mbele ya ule mulango wake wa chuma, nasimama, nashindwa kupiga hodi, narudi. Leo amefungua mwenyewe akanikuta nimesimama pale kama mwizi. "Weye si mutoto wa Léopold wa Uvira? Unangoja nani akusukume?"

Ndani iko magari mbili. Zile Papa alikuwa anavuka mupaka kuja kuzitunza, na sisi tukidhani anakuja kutengeneza malori.

Ya kwanza ni Peugeot 504 coupé. Usicheke! Najua unawaza zile 504 za kubeba mihogo. Hii ni ndugu yao aliyeenda kusoma Ulaya. Mwili wake walichora Waitalia: iko chini, ndefu, rangi ya ziwa saa sita za muchana. Ya pili ni Citroën SM. Yaya, sijui nianzie wapi. Mwili ni wa Wafaransa, motere ni ya Waitalia, silinda sita. Mbele ni pana, halafu inaenda ikipungua mpaka nyuma, kama mukeke, ule samaki wa ziwa letu. Taa zake sita zinakaa nyuma ya kioo, na ukizungusha volan, zile mbili za ndani zinageuka kuangalia kule unaenda. Ikizimwa muda murefu, inalala chini kabisa. Mzee akaiwasha: ikainuka nyuma kwanza, kisha mbele, sawasawa na ng'ombe wa Ruzizi akiamka. Nikapiga kelele. Minye, Ushindi! Mbele ya mutu sijamuzoea!

Sasa sikiliza. Mzee anasema alimuahidi Papa: siku mutoto wako wa kwanza anafunga ndoa, moja ya hizi gari itamupeleka kanisani. Papa hayuko, ahadi bado iko. Kwa hiyo tarehe 30 Novemba utaenda kanisani ndani ya gari ambayo Uvira haijaona! Anataka minye nichague. Lakini anataka comparaison ya maandishi, vile wakusanyaji wa magari ya zamani wanaandikiana ndani ya magazeti yao. Hii na hii, na kwa nini hii.

Simu wanatunyanganya hapa, unajua. Jibu kwa mukono wa Mama Pudentienne, siku akivuka mupaka kuuza samaki wake, ndagala.

Mudogo wako,
Ushindi

*

Kasenga, Uvira, 11 Oktoba 2024

Mudogo wangu,

Nilisoma barua yako kwa sauti. Mama akauliza, "Nani ameandika?" Nikasema Ushindi. Akasema, "Hapana. Ushindi hana maneno mengi hivyo. Soma tena jina." Ulitumia kurasa mbili kwa magari, na mistari sita tu kwa ndoa yangu!

Sawa, chagua. Minye magari sijui. Ninachotaka ni kufika bila matope kwa robe yangu ya arusi, maana pale Kavimvira, karibu na mupaka, ziwa lilipanda, likashuka, likatuachia barabara kama uji. Bwana arusi wangu Ezéchiel anasema angenikodia tu jeep ya kaka yake. Nikamwambia hapana, hii ni ahadi ya Papa.

Mama Florentine, marraine wetu, amekubali kutusimamia, na anauliza: ndani ya hiyo gari iko nafasi? Unamujua vile mwili wake umetimia.

Na jambo kubwa. Weye ndiye utanishika mukono kuingia kanisani, nafasi ya Papa. Baba mudogo Eugène anaitaka sana hiyo kazi, ameshashonesha koti, lakini nimemwambia mutoto wa Papa yuko. Jipange.

Yaya wako,
Josée

*

Bujumbura, siku ya Mungu, 20 Oktoba 2024

Yaya,

Nimepanda zote mbili! Mzee alipata mafuta kidogo (huku mafuta ni kama dawa, watu wanapanga foleni mpaka wanalala), akasema afadhali yaishe kwa kazi ya maana. Tukaenda barabara ya ziwa, kwanza na moja, kisha na ingine. Comparaison yangu ndiyo hii, bado ni brouillon, nitaiandika tena safi.

504 inatembea kama mutu aliyelelewa vizuri. Shimo inalimeza, inaendelea, haisemi neno. Motere yake haijivuni. Chini ya kapo, pale motere inakaa, fundi yeyote wa kwetu Mulongwe ataelewa, na vipuri vingi vya motere atavipata. Lakini vunja kioo kimoja cha mwili ule, au taa, utatafuta mpaka uzeeke, kwa sababu mwili si wa 504 za kawaida. Kwa mukusanyaji hiyo ndiyo hesabu: motere rahisi, nguo ngumu.

SM, Yaya! SM haitembei, inaelea. Volan ni nyepesi mpaka unaogopa, na ukiiachilia inarudi katikati yenyewe, hata gari ikiwa imesimama. Mzee akaniambia: "Ukishika volan hii usipige chafya, utajikuta ndani ya ziwa na viboko." Frein, ile ya kusimamisha gari, si pedali, ni kitu cha mpira kama uyoga, unakigusa tu, kichwa kinaenda mbele. Na pembeni ya kiti iko kijiti: ukikivuta, gari yote inapanda juu, inavuka maji kama mama aliyeshika kitenge. Lakini motere inataka mutu anayeijua kwa jina lake la utoto. Papa alikuwa huyo mutu. Mzee anasema tangu Papa afe, anaiwasha kwa woga, kama anaamsha mugonjwa.

Uzuri? 504 ni nzuri kama mutu aliyechana nywele. SM ni nzuri kama mutu asiyejali wanasema nini. Sijaamua. Silali!

Kuhusu kanisani, nafikiri Baba mudogo Eugène anafaa, maana koti iko tayari. Minye nitabaki na gari. Unajua watoto wa Kasenga, wataigusagusa.

Ushindi

*

Kasenga, 25 Oktoba 2024

Ushindi,

Nimesoma habari ya uyoga na kijiti na chafya. Nimesoma pia ile mistari ya mwisho uliyoificha chini kama mutu anayeficha sahani aliyovunja.

Unabaki na gari? Gari ni bibi arusi?

Sema ukweli. Ni ju ya Ezéchiel? Najua hamukuzoeana. Alipokuja nyumbani na wazee wake, weye ulikaa jikoni, ukasema unaangalia ugali. Ugali ulikuwa umeshaiva! Yeye aliona. Aliniuliza usiku ule, "Mudogo wako ananichukia?" Nikamujibu hapana. Sasa sijui tena. Kama humupendi, niambie weye mwenyewe, usinipe Baba mudogo na koti lake.

Mama Florentine anauliza mara ya pili: nafasi iko? Hiyo gari iko na milango ngapi?

Josée

*

Bujumbura, siku ya Mungu, 10 Novemba 2024

Yaya wangu,

Barua yako nimetembea nayo ndani ya daftari ya chimie, nikashindwa kujibu. Nimeandika jibu kwa Kifaransa, nikalichana. Kwa Kifaransa nilikuwa naongea kama muanasheria. Basi kwa Kiswahili.

Ezéchiel ni mutu muzuri. Siku ile alikuja jikoni nyuma yangu kuniomba maji ya kunywa, na maji alikuwa nayo mezani. Alitaka tu kuniongelesha. Nilimupa maji nikaangalia ukuta. Mwambie anisamehe. Ugali haukuhitaji mutu.

Nitakuambia kitu sijamwambia hata Padri. Mahali pa watu wengi, macho yao nayasikia kwa ngozi, kama mutu amenimwagia mafuta ya moto. Darasani wakinisimamisha nisome, Kifaransa kinakimbia, Kiswahili kinakifuata, ninabaki na jasho. Rafiki yangu Kwizera anasemaga minye ni mutu wa kwenye karatasi. Ni kweli. Kwenye karatasi nakuwa mukubwa! Lakini kanisa lile ni refu, Yaya. Kutoka mulango mpaka altare, nafasi ya Papa, watu wote wamegeuka, wanapima kama ninamufikia. Nitaanguka. Au nitakuachilia katikati, na hiyo ni mbaya zaidi.

Kwa hiyo nimechagua, na sababu yenyewe ndiyo hii. Ndani ya comparaison ya Mzee nimeandika kwamba ni ju ya maji ya Kavimvira, na si uongo, kijiti kitasaidia. Lakini weye nikuambie yote. 504, watu wataiangalia mara moja, watasema "Pejo!", wataona inafanana na ya mujomba wao, kisha watageuka kuangalia nani anashuka. SM hawataweza kuimaliza. Watashangaa taa, watashangaa vile imelala, itaamka watapiga kelele. Watakuwa na kazi. Na mutu kama minye atapita nyuma ya kelele hiyo bila kuonekana.

Nimechagua SM ili waangalie SM.

Milango ni mbili tu. Mwambie Mama Florentine hivyo ndivyo zinakuwaga coupé zote za maana!

Usinichukie.
Ushindi

*

Kasenga, 15 Novemba 2024

Mudogo wangu,

Nimesoma peke yangu, nyuma ya nyumba. Sikumusomea Mama.

Sawa. Sitakulazimisha. Baba mudogo Eugène atangoja mbele ya kanisa na koti lake, atanipokea pale. Nimeshamwambia, amefurahi mpaka anatembea nalo ndani ya nyumba.

Mipango ni hii. Mama Florentine hataingia mule, kwa milango mbili tungemuacha nusu inje. Atapanda na Mama ndani ya jeep itakayotufuata. Minye nitakaa nyuma ya SM peke yangu na robe, iko kubwa kama chandarua ya familia nzima. Mzee Gaspard kwa volan. Weye utakaa mbele, kiti ya kuume, karibu yake, uangalie kijiti chako.

Tukifika kanisani, usishuke kama hutaki. Naapa. Hakuna mutu atakuambia shuka.

Ezéchiel anakusalimia. Anasema maji yalikuwa matamu.

Yaya wako,
Josée

*

Bujumbura, 24 Novemba 2024

Yaya! Yaya! Yaya!

Mzee amekubali comparaison! Aliisoma na miwani mbili, moja juu ya ingine, akasema iko na makosa mawili ya silinda na hakuna kosa la moyo. Tutaosha SM kesho. Karatasi za duwane, za kuvusha gari mupakani, ziko tayari. Tutavuka na tone la mwisho la mafuta, gari itakunywa ikifika Kavimvira.

Mkuu wa internati amenipa ruhusa ya siku tatu. Nimepiga pasi shati tangu leo.

Jambo moja sielewi. Nilimusomea Mzee mipango yako, nani anakaa wapi. Akacheka mpaka akashika lile goti lake baya, lile linamufanya ashuke garini polepole kama mutu anatoka ndani ya kisima. Nikamuuliza anacheka nini. Akasema: "Dada yako ni mutoto wa Léopold kabisa." Nikauliza tena. Akasema nikaoshe vioo.

Nakushukuru kwa kunielewa. Nimelala usingizi muzuri juma yote.

Ushindi

*

Bujumbura, siku ya Mungu, 8 Desemba 2024

Madame Ezéchiel,

Nimengoja hasira iishe ndiyo niandike. Haikuisha, kwa sababu haikuwako. Natafuta jina lake, silipati. Nikicheka ndani ya dortoir, kitandani, wenzangu wanadhani nimepata barua ya musichana.

Tulisimama mbele ya kanisa. Unakumbuka kelele? Watoto walikuwa wanatukimbilia tangu Kavimvira, pale tulipovuta kijiti na gari ikapanda juu ya matope kama malkia. Nikasema moyoni, iko inafanyika! Wanaangalia gari! Nikajishusha ndani ya kiti. Baba mudogo Eugène alikuwa pale, koti, mukono tayari. Nikangoja ushuke.

Nikangoja.

Nikasikia sauti yako nyuma ya shingo yangu, tamu kabisa: "Ushindi. Natokea wapi?"

Nikaangalia kushoto: Mzee, anaangalia mbele kama mutu anasali, mikono juu ya goti. Nikaangalia kuume: mulango wangu. Na hapo ndipo nilielewa. Nimeandika juu ya hiyo gari muhula muzima, silinda zake, volan yake, uyoga wake, na sijawahi kujiuliza mutu wa nyuma anatokea wapi! Nyumbani wamama walikupandisha minye nikiwa bado ndani nafunga shati, sikuona. Anatokea kwa kiti changu. Kiti changu hakiinami kama minye niko juu yake.

Nikashuka. Watu wote wa Kasenga, Yaya. Nikainamisha kiti, ukanipa mikono, nikavuta, robe ikakataa. Mama mumoja akapiga kelele, "Vuta, kijana! Anazaliwa!" Kicheko kikalipuka. Nikavuta tena, ukatoka nusu. Mama Florentine akafika kutoka jeep, mukono kiunoni: "Kichwa kimeshatoka, usimuache sasa!" Na unajua? Nikacheka. Macho yote yalikuwa juu yangu, na nilikuwa nacheka na robe imejaa kifuani kama povu, kwa sababu kazi ilikuwa kubwa sana, sikuwa na mukono wa kuogopa nao.

Ukatoka. Baba mudogo akanyoosha mukono. Ukamwambia nini? "Baba, koti yako ni safi, robe hii imebeba vumbi la gari." Na hukuniachilia. Ulinibana vidole mpaka pete yako ikaniachia alama.

Sikuanguka. Kanisa si refu vile.

Sasa nakuomba kitu kimoja. Tulipotoka kanisani, misa imekuwa ndefu vile, najua SM ilikuwa imelala chini, na Mzee akaiwasha, na ikasimama nyuma kwanza mbele ya watu wote. Ndiyo nilikuwa nangoja kuona tangu Oktoba! Na sikuona. Wazee wa Ezéchiel walikuwa wananishika mukono mumoja mumoja, nilikuwa nawajibu. Nilisikia tu kelele nyuma yangu. Niambie watu walisema nini. Rangi iliwaka kwa jua? Waliona taa zinageuka? Niambie yote, kama mukusanyaji.

Muvuta-bibi-arusi,
Ushindi

*

Uvira, kwa nyumba yetu mupya, 13 Desemba 2024

Mudogo wangu,

Nilikuambia magari sijui. Nilikudanganya kidogo. Kabla weye hujazaliwa, Papa alivuka na minye siku moja, akaniweka nyuma ya ile SM, akafunga mulango, akaenda chini ya kapo. Nililala mule. Nikaamka nataka kukojoa, na mulango sikuuona! Nililia mpaka Papa akaja kuinamisha kiti cha mbele, akanivuta kwa mikono mbili. "Nyuma ya gari hii," akasema, "mutu hatoki bila mutu wake." Uliponiandikia milango ni mbili, nilisikia tena harufu ya ngozi ya viti. Nikapanga nani anakaa wapi. Naapa nilikuambia usishuke kama hutaki, na sikusema uongo: ungekaa, tungekaa wote wawili mpaka Krismasi.

Sasa habari ya gari. Nimeuliza vizuri, kwa heshima yako.

Mama anakumbuka ilikuwa na harufu. Baba mudogo Eugène anakumbuka koti. Mama Florentine anasema ni gari ya ubahili, mutu amejenga nyumba akasahau mulango wa jikoni. Ezéchiel ameapa mbele yangu kwamba ilikuwa nyeupe. Nikamwambia, Ezéchiel, ilikuwa kahawia. Akasema, "Basi nani aliangalia? Nilikuwa naangalia nyinyi wawili munakuja."

Minye mwenyewe nilikuwa naangalia mahali nakanyaga.

Lakini watoto wa avenue yetu waliiona. Tangu siku ile hawachezi tena mupira. Mumoja anainama kwa mikono na magoti, yeye ndiye gari, akisikia "washa!" anainua matako kwanza, kisha kichwa. Nilipoona hiyo, nikakukumbuka mpaka nikatoa machozi. Mumoja nyuma anajifunga chandarua. Na mumoja anatoka mbele, anafungua, anavuta, wenzake wote wanapiga kelele "Anazaliwa! Anazaliwa!", kisha anatembea pole pole na mukono wa bibi arusi, shingo imenyooka, mpaka kwa mulango wa duka la Papa Iradukunda, ndiyo altare.

Huyo wanamwita Ushindi. Kila jioni wanapigana ju ya nani atakuwa Ushindi.

Hakuna anayetaka kuwa gari.

Yaya wako,
Josée